Boksi la sabufa inchi 12 linavuma tumboni: nifunge sapoti ndani au niongeze mbao?

#1 Kibatari
Wakuu habari. Nina sabufa ya inchi 12 ya sebuleni, boksi nilichongesha kwa fundi mwaka jana. Ni MDF (mbao ya nyuzi za mti zilizoshindiliwa kwa gundi) ya mm 18, kwa nje urefu sm 60, upana 40, kina 40. Mbele kuna tundu la spika na bomba la PVC la inchi 4 lenye urefu wa sm 27, nyuma kuna tundu la amplifaya. Ndani ni uwazi mtupu. Nilipomuuliza fundi akasema mbao hii haihitaji nyongeza.

Shida ni kwamba nikipandisha sauti, hasa amapiano, kunatoka mvumo kama mtu anagonga kabati lisilo na nguo. Ukiweka kiganja ubavuni unasikia mbao inapumua. Juzi kikombe cha chai nilichokiweka juu yake kilitembea chenyewe mpaka ukingoni, mke wangu akakidaka.

Nifunge sapoti ndani? Kama ndiyo, wapi na za mbao gani? Au nigandishe MDF nyingine juu ya hii? Kulivunja sitaki. Natanguliza shukrani.

#2 Chizi Singeli
Kikombe kinatembea chenyewe halafu unalalamika? Wenzio tunaita huduma ya mezani.

#3 Fundi Mbao
Mkuu Kibatari, huyo fundi alikuwa anawahi daladala. Mimi niko Keko, nimeanza na makabati nikaja kwenye maboksi. Kanuni yangu haina hesabu: ukuta wowote wa mm 18 ulio wazi kupita sm 30 lazima ule sapoti. Wako una 60 kwa 40, na unao miwili ya ubavuni bila kuhesabu wa nyuma uliotobolewa kwa ajili ya amplifaya.

Unachotakiwa kujua ni kwamba koni (ule uso wa spika unaocheza) ikirudi ndani, hewa inasukuma kuta zote kwenda nje kwa wakati mmoja. Kushoto inaenda kushoto, kulia inaenda kulia. Ukiunganisha hizo mbili kwa mti mmoja wa katikati, kila moja inamshikilia mwenzake, kama mnavuta kamba mko sawa nguvu. Ndiyo maana sapoti ya ukuta kwa ukuta ni bora kuliko kipande kilichogandishwa ukuta mmoja.

MDF ya pili juu usiweke. Utapata jeneza.

#4 Hesabu Kali
Naongezea namba kwenye maneno ya Fundi Mbao ili watu waone tunaongelea nguvu gani.

Koni ya inchi 12 ina eneo la kama sm 500 za mraba. Ikienda mm 10 inasukuma nusu lita ya hewa. Boksi la Kibatari kwa ndani ni 56.4 × 36.4 × 36.4, lita kama 75. Nusu lita ndani ya 75, hewa ikibanwa haraka hivyo, inakupa shinikizo la paskali 950 hivi. Zidisha kwa eneo la ubavu mmoja, mita za mraba 0.205, unapata nguvu sawa na uzito wa kilo 20.

Yaani ndoo ya maji ya lita 20 inauegemea ubavu wa boksi kwa ndani, inaondoka, halafu inauvuta kurudi ndani. Kwa noti ya hezi 40, mara 40 kila sekunde.

#5 Chizi Singeli
Na bado mtaani maji yamekatika.

#6 Mdadisi Sugu
Hesabu nzuri lakini inatisha watu bure. Mbao kusukumwa si tatizo, tatizo ni mbao kuimba. Kila ukuta una noti yake. Ukuta wa MDF ya mm 18 wenye 56 kwa 36, ukipiga hesabu ya ubao ulioshikwa kingo nne kwa ulegevu, unaimba karibu hezi 190. Kingo zikiwa zimegandishwa vizuri inapanda kuelekea 350. Sabufa inapigwa mpaka 80 tu! Sasa hiyo noti ya 190 nani anaiamsha?

Kabla hujanunua hata msumari, Kibatari tujibu mambo mawili. Krosova (nobu ya kuchagua sabufa iishie hezi ngapi) umeiweka wapi? Na umeshapima kama boksi linavuja hewa?

#7 Fundi Mbao
Mdadisi, wewe umekaa na karatasi. Mimi nimeshika kwa mkono. Kabla ya sapoti linatetema, baada ya sapoti limenyamaza. Sijui hezi ngapi, mteja analipa anaondoka.

#8 Hezi Thelathini
#4 nakurekebisha kidogo mkuu. Hiyo hesabu ni ya boksi lililozibwa. La Kibatari lina bomba. Kwa lita karibu 70 na bomba la inchi 4 lenye sm 27, limetuniwa kwenye hezi 32 au hapo karibu. Kwenye noti hiyo koni inakaribia kusimama, kazi yote inafanywa na hewa ya bomba, na shinikizo la ndani linakuwa kubwa huku koni unaiona imetulia. Kwa hiyo ndoo yako si lita 20 muda wote. Hezi 32 inaweza kuzidi, na chini ya hapo inapungua maana hewa inatoka tu bombani.

#9 Hesabu Kali
Nakubali #8, nilirahisisha. Na kwa haki ya Mdadisi, nimepiga hesabu ya pili: ukuta huo ukisukumwa na kilo 20 zilizosambaa ubao mzima, katikati yake unabonyea kama sehemu ya kumi ya milimita, hata haifiki. Unene wa unywele. Koni inatembea milimita 10. Besi inayopotea kwa kuta kupumua ni asilimia chache. Anayekuambia sapoti itakuongezea besi mara mbili anakuuzia sapoti.

#10 Mama Besi
Naomba niseme kilichonikuta ili msije mkafunga sapoti kwa jazba.

Nilikuwa na inchi 12 kwenye buti ya IST. Nikasoma huku na kule, nikatengeneza sapoti ya dirisha: ubao mzima wa mm 18 unaosimama katikati ya boksi, umekatwa matundu makubwa manne ili hewa ipite. Nikapaka gundi, nikafunga, boksi likawa gumu kama tofali. Narudisha spika, ubao umekaa kidole kimoja tu nyuma ya sumaku. Ile spika ina tundu la kupumulia nyuma ya sumaku. Kila besi ikipiga nasikia "fyuu, fyuu" kama pampu ya baiskeli, na baada ya nusu saa sumaku imekuwa ya moto kuliko ilivyokuwa zamani. Nikalazimika kuingiza mkono na jigso kuukata ubao ndani ya boksi. Msasa niliokula siku ile sitausahau.

Sasa hivi naacha angalau sm 5 nyuma ya sumaku, na mdomo wa ndani wa bomba nauachia nafasi isiyopungua kipenyo cha bomba lenyewe. Na toeni ujazo wa sapoti kwenye hesabu. Ule ubao wangu hata baada ya kutobolewa ulikula karibu lita moja, na boksi la gari lenyewe ni lita 40 na kitu.

#11 Kibatari
Mdadisi, nimeenda kuangalia. Nobu ya krosova iko mwisho kabisa, 150. Sijawahi kuigusa. Boksi kuvuja hewa unapimaje?

#12 Mdadisi Sugu
HAYA SASA. Hezi 150, na krosova za amplifaya hizi za nyuma hazikati kama kisu, zinateremka taratibu. Kwa hiyo 190 inapita vizuri tu na ubao wako unaimba. Irudishe 80 usiku huu halafu utuambie.

Kuvuja: washa udi, weka wimbo wenye besi ndefu au toni ya hezi 30 kwa sauti ndogo, pitisha moshi taratibu kwenye kila kiungo, kuzunguka fremu ya spika, amplifaya na vituo vya waya. Moshi ukikatika au ukirudishwa, hapo pana tundu. Usipitishe mdomoni mwa bomba, pale lazima ucheze.

#13 Nganya Moja
Salamu kutoka Nairobi. Huku kwa matatu sapoti si mjadala. Boksi linakaa chini ya kiti cha nyuma, refu mita na zaidi, spika tatu au nne. Bila kugawa vyumba na kuta za ndani, litafunguka viungo kabla mwezi kuisha, maana mbali na besi kuna barabara. Sisi hutumia plaiwudi, MDF ikitetemeshwa na mashimo ya barabara, skrubu zinalegea.

Ujanja mmoja: badala ya bomba la PVC tumia mlango wa mbao, ule mrefu mwembamba unaopita upande mzima wa boksi. Ukuta wake wa ndani umeshika juu na chini, tayari ni sapoti ya bure. Lakini Kibatari ashachelewa.

Ama aongeze unene aende mm 25, ugumu unakuwa karibu mara moja na nusu.

#14 Hesabu Kali
Nganya, ugumu hauendi hivyo. Unakwenda kwa unene × unene × unene. Kutoka 18 hadi 25 ni karibu mara 2.7. Noti ya ubao ndiyo inayopanda kidogo, mara 1.4, kwa sababu na uzito umeongezeka. Ukigandisha 18 nyingine ugumu ni mara 8, noti mara 2, na boksi linaongezeka kilo kama 17. Wakati kuugawa upana wa ubao katikati kunapandisha noti mara tatu kwa kijiti cha mbao.

#15 Yakhe Mkoani
Assalam aleikum. Hichi mnachokiita sapoti kwenye majahazi ni mataruma, na hakuna fundi wa chombo anayeyalaza. Taruma husimama kwa ubavu wake. Chukua kipande cha mbao cha sm 2 kwa 5: ukikigandisha kimelala hakisaidii kitu, ukikisimamisha kwa ule upande wa 5 ugumu wake ni zaidi ya mara sita. Nimeona maboksi mengi, mtu kaweka vipande kumi vyote vimelala, kaongeza uzito tu.

La pili, kwetu huku pwani MDF inakunywa hewa ya bahari. Kingo zilizokatwa zisipopakwa kitu zinafura, viungo vinaachia, halafu mtu anasema boksi linatetema kumbe limeoza. Pakeni gundi nyeupe iliyozimuliwa na maji kwenye kingo zote kabla ya rangi. Nami ningekuwa nachonga upya ningetumia plaiwudi ya marini.

#16 Hezi Thelathini
Taruma la Yakhe naliunga mkono, na lipite kwa urefu wa ubao, si kwa upana. Noti ya ubao inaamuliwa zaidi na ule upande mfupi. Ukikata 56 × 36 kuwa vipande viwili vya 28 × 36 noti inapanda karibu mara mbili. Ukiikata iwe 56 × 18 inapanda mara tatu. Watu wengi wanakata kwa njia ya kwanza kwa sababu inaonekana ya kawaida machoni.

#17 Fundi Mbao
Taruma la sm 56 lenyewe litapinda katikati, halijashikwa na kitu. Mti wa ukuta kwa ukuta haupindi. Hezi Thelathini umewahi kuchonga boksi au unasimulia?

#18 Hezi Thelathini
Nimechonga manne. Moja mke wangu analitumia kama stuli.

#19 Tutatoka
Swali la pembeni, sapoti ikae katikati kamili au pembeni kidogo? Nimesikia yote mawili.

#20 Hesabu Kali
Pembeni kidogo. Ukigawa sawasawa unapata vipande viwili vinavyoimba noti moja, vinasaidiana. Ukigawa kwa 20 na 36 kila kimoja kina noti yake.

#21 Fundi Mbao
Katikati. Ndipo ubao unapopumua zaidi. Kamata nyoka kichwani.

#22 Mama Besi
Mnabishana sentimita tano. Mimi nagonga kwa kifundo cha kidole, ubao wote, sm 5 kwa sm 5, nachora chaki mahali panapolia "dum" na panapolia "tak". Penye "dum" ndipo sapoti inapokaa. Kwenye boksi langu haikuwa katikati, ilikuwa chini ya tundu la spika.

#23 Mdadisi Sugu
Kwa taarifa tu, BBC ya Uingereza miaka ya 1970 walikwenda kinyume na nyote. Spika yao ndogo ya LS3/5A ilikuwa na kuta za plaiwudi ya milimita 12 tu, ndani wamebandika mikeka mizito ya kufyonza mtetemo. Waliacha ubao uwe mwembamba, noti yake iwe chini, halafu wakaiua. Sapoti haiui noti, inaihamisha juu, na juu ndiko sikio linakosikia vizuri zaidi. Baadaye miaka ya 1980 kampuni ya spika ya B&W wakaja na Matrix, ndani ya boksi mna vyumba kama sega la nyuki, sapoti tupu. Wote wawili waliuza.

#24 Hezi Thelathini
Hiyo ni spika ya sauti za watu, mkuu. Inapiga kuanzia besi ya kawaida mpaka juu, kwa hiyo ukihamisha noti kutoka 200 kwenda 600 umeipeleka kwenye koo la mwimbaji. Sabufa inaishia 80. Ihamishe hata kwenye 600, hakuna kitakachoigonga. Mfano wako unamsaidia Fundi Mbao, si wewe.

#25 Fundi Mbao
Asante. Sikuelewa yote ila asante.

#26 Chizi Singeli
Jirani yangu alifunga sapoti sita. Boksi halikunyamaza. Kufungua, panya kaingia kwa bomba la inchi 4 kajenga nyumba kwenye sufi. Wekeni wavu.

#27 Tutatoka
Hahaha panya wa besi. Huku kwetu vigodoro vinapiga mpaka saa kumi alfajiri, mabufa yamechongwa kwa mbao za kufungia zege, hayana sapoti wala nini, na yanasikika mtaa wa tatu. Labda tunajisumbua.

#28 Mama Besi
Yanasikika, ndiyo. Sikia vizuri, ni noti moja usiku kucha.

#29 Kibatari
Wakuu nimerudi. Jumamosi nilifanya hivi.

Udi: fremu ya spika safi, viungo safi, lakini kwenye kona ya chini ya amplifaya moshi ulikuwa unapigwa kama feni. Sponji ya kuzibia ilikuwa imekatika sm 3. Nimebadilisha.

Chaki ya Mama Besi: mbavu zote mbili "dum" kubwa, kuanzia katikati kushuka chini, karibu kiganja kizima. Nyuma "dum" ndogo juu ya amplifaya. Juu na chini "tak".

Nataka kufunga miti ya ukuta kwa ukuta kupitia tundu la spika bila kuvunja. Tundu ni sm 28, ndani upana ni 36.4. Inapita?

#30 Fundi Mbao
Inapita, ingiza ukiwa umeuinamisha, ukishafika ndani unausimamisha. Tumia mpini wa fagio mnene wa mbao ngumu, ule wa mm 25, ule wa chuma uache. Kata 36.4 kamili, uingie kwa kugongwa kidogo na kiganja. Ukizidisha urefu utausukuma ubavu nje na kufungua kona.

Usisahau kwamba ubao unavutwa pia, hausukumwi tu. Mti uliobanwa bila kufungwa utaachia ubao unapokwenda nje, na huo mti wenyewe utaanza kugonga. Toboa kutoka nje kwa drili, toboa na ncha ya mti kwanza isije ikapasuka, gundi ya kutosha, skrubu ya inchi 2 yenye kichwa cha kuzama. Juu yake puti na rangi. Acha usiku mzima.

#31 Hesabu Kali
Na ujazo usikutishe. Mti mmoja wa mm 25 kwa sm 36 unakula lita 0.18. Miwili haifiki nusu lita kati ya 75.

#32 Yakhe Mkoani
Fagio litabaki la kufagilia nini huko nyumbani?

#33 Kibatari
Mrejesho. Nimefunga miti miwili, mmoja sm 22 kutoka chini, mwingine sm 35 ukiwa nyuma ya sumaku, nimeacha sm 6. Gundi nimeipa siku nzima. Krosova nimeishusha 80 kama alivyosema Mdadisi.

Ule mvumo wa kabati tupu umekwisha. Ukigonga ubavu unasema "tak" kila mahali isipokuwa nyuma. Kikombe kimetulia, kinatetemesha chai tu. Imebaki sauti moja ya "zzz" kwenye wimbo mmoja, nimeifuata kwa sikio, ni dirisha la aluminiamu. Nimebana karatasi kwenye reli yake.

Asanteni wote. Fundi Mbao ulikuwa sahihi.

#34 Mdadisi Sugu
Sahihi kwa ushahidi upi? Umeziba tundu, umeshusha krosova na umefunga miti, vyote kwa mkupuo mmoja. Hatujui kilichoponya ni kipi. Rudisha krosova 150 usikilize. Ukiona kimya, basi ni miti. Kisha toa miti, rudisha 80…

#35 Fundi Mbao
Mwache mwenzio apumzike.

#36 Kibatari
Krosova 150 nimejaribu sasa hivi: unarudi kidogo, si kama mwanzo. Miti sitoi mkuu, gundi imeshakauka na fagio mama watoto bado ananidai.